Namtafuta Babu wa Taifa

Chanzo ni shemeji yangu. Siku hiyo kwenye kahawa alitamka, huku akipuliza kikombe chake, kwamba baba yake Mwalimu Nyerere alikuwa "kibaraka tu wa Wajerumani". Ushahidi wa kumpinga sikuwa nao. Nilichoka tu kushindwa naye kila jioni. Nikaapa mbele ya wazee kwamba nakwenda Butiama mwenyewe.

Kabla ya safari nilisoma. Chifu Burito wa Wazanaki alizaliwa 1860, wakati viwavi wamevamia nchi, ndiyo maana akaitwa Nyerere, yaani kiwavi kwa Kizanaki. Alioa wake 22, akapata watoto zaidi ya ishirini. Mke wa tano, Mgaya, ndiye aliyemzaa Mwalimu tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, mtoto akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Baba viwavi, mwana mvua: ukiwaita hao wawili uani, jirani anakimbilia shambani. Uchifu mzee aliupata 1915, na waliompa ni Wajerumani. Hapo shemeji alikuwa na nusu ya hoja. Sikumwambia.

Pale stendi ya Musoma nilipata bodaboda, kijana mpole. Kosa nililifanya mimi, kwa kujitia mchekeshaji. Nikawaza: baba wa Baba wa Taifa si ni Babu wa Taifa?

"Nipeleke Butiama kwa Babu," nikamwambia. "Nina shida na habari za mzee. Watu wamemchafua, nataka nimsafishe."

Akanitazama kwa huruma. "Usijali, kaka. Kwa Babu napeleka watu kila wiki."

Tuliacha lami mapema kuliko nilivyotarajia. Tukafika kwenye boma lenye bendera nyekundu na nyeupe, na chini ya mwembe watu kama kumi wamepanga foleni. Moyo ukafurahi: kumbe watafiti ni wengi hivi! Mmoja alikuwa na kuku kwapani, nikajilaumu kwa kuja mikono mitupu. Mlangoni nikadaiwa shilingi 20,000 za "kufungua njia". Nikatoa, nikaomba risiti. Hakuna aliyecheka.

Ndani giza, ubani, na mzee aliyejifunga kaniki. Kabla sijakaa vizuri, msaidizi wake akanifunga uzi mweusi mkononi. Nikaupokea kama vile vitambulisho vya wageni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa habari ya baba."

"Naam, babu!" Nikatoa daftari.

"Jina lake?"

"Nyerere."

Hakushtuka, akatikisa kibuyu. "Alikuwa na wake wangapi?"

Nikashangaa kidogo kwamba yeye ndiye anayeniuliza, lakini nikasema labda ananipima. "Ishirini na wawili."

Kibuyu kikasimama. "Ishirini na wawili! Na mama ni wa ngapi?"

"Wa tano."

"Basi mbaya wako yumo kati ya wa kwanza na wa nne."

Nikaandika: *mvutano wa wake wakubwa, kuchunguza zaidi.*

"Baba alifariki lini?"

"Mwaka 1942."

"Na wewe umezaliwa lini?"

"Mwaka 1986, babu."

Kimya. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia, akahamia vya miguu. Akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama dari. Hatimaye mzee akashusha pumzi ndefu, kama fundi aliyefunua boneti akakuta injini haipo.

"Mjukuu wangu, kazi hii si ya kuku. Hii ni ya mbuzi. Mweusi, asiye na doa."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikaomba ruhusa ya kwenda haja, nikatoka kwa heshima mpaka mwembeni, halafu nikakimbia.

"Mwitongo!" nikamwambia dereva. "Nyumbani kwa Nyerere!"

"Ameshakwambia ukazuru kaburi?" Akawasha pikipiki bila kusubiri jibu.

Mwitongo nilikaa hadi jua linashuka, na hoja yangu ikapatikana. Wajerumani walifurushwa na vita muda mfupi baada ya kumpa uchifu, Waingereza wakaja, na mzee akaendelea kuketi kwenye kiti chake mpaka alipofariki, akakirithi mwanawe Edward Wanzagi. Kama alikuwa kibaraka wa Wajerumani, basi alibaki kazini miaka zaidi ya ishirini tajiri ameshatoroka. Aliyekuja kuufuta uchifu nchi nzima, mwaka 1963, ni serikali ya mwanawe mwenyewe, Kambarage. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa, maalumu kwa shemeji.

Nikamalizia kwenye kaburi la Chifu Burito. Nimeinama, uzi mweusi mkononi, natafuta pembe nzuri ya kupiga picha, nikahisi kiganja begani. Ni dereva, kavua helmeti kaibana kifuani, macho yamemlenga machozi.

"Pole sana, kaka," akasema. "Mungu amlaze mzee mahali pema."

Nikamwambia amina.