Chokaa Haichimbwi kwenye Visima vya Mafuta

Jana baada ya Alasiri nilipita Al-Balad, mji wa kale wa Jeddah, nikasimama kumtazama fundi anayerudisha jiwe ukutani. Jiwe la matumbawe, kama yetu ya Mvita. Alilikwangua simiti ya zamani, akalilowesha maji, akalitandikia chokaa kwa mwiko mdogo, kisha akaligonga taratibu mpaka likakaa sawa juu ya gogo lililolazwa ukutani. Kuta za huku ndivyo zilivyo, baada ya safu kadhaa za mawe hupita mbao. Hakuna aliyemharakisha. Nilifurahi, halafu hasira zikanipanda, maana akili ilikwenda moja kwa moja kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa.

Kibokoni mwakujua. Nyumba huachwa ikanyeshewa misimu miwili mitatu, roshani ikaning'inia, watu wakaambiwa ni hatari. Mara mabati yamezungushwa, na yakiondolewa mnakuta ghorofa sita za zege, maduka chini. Mlango wa nakshi umekwenda wapi? Na Mji wa Kale wetu umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, una ofisi yake ya uhifadhi, na uko ubavuni mwa Ngome ya Yesu iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2011!

Najua nitaambiwa nimekwenda Uarabuni nikaanza kuwadharau wenzangu. La hasha. Msikiti wetu wa Mandhry, hapo Mji wa Kale, ni wa mwaka 1570. Nyumba ya Nasseef, ambayo watu wa Jeddah wanaringa nayo, ilianza kujengwa 1872, Mandhry umeshaswaliwa karne tatu. Hatuna cha kuonea haya mbele ya mtu yeyote, na ndiyo sababu inaniuma.

Wala sisemi kwamba huku wamehifadhi kila kitu. Makkah kwenyewe ngome ya Ajyad, ya enzi za Waothmani, ilivunjwa 2002 pamoja na kilima chake, na pale pamesimama majengo yenye mnara wa saa wa mita 601. Mahujaji ni mamilioni na lazima walale mahali, hilo nalielewa. Lakini ngome ile haitarudi. Jeddah, lango la mahujaji tangu Sayyidna Uthman alipoifanya bandari ya Makkah mwaka 647, angalau imewahi kushika breki.

"Wao wana mafuta." Hili ndilo jibu linalonichosha kuliko yote. Jamani, mafuta yalikuwepo Al-Balad ilipokuwa ikioza! Ukuta wa mji ulivunjwa 1947, pesa zikaingia, na matajiri wakahamia majumba mapya upande wa kaskazini. Nyumba za wazee zikagawanywa vyumba vya kupangisha, nyingine zikaungua, nyingine zikaanguka. Pesa ndizo zilizouhamisha mji ule. Kilichokuja baadaye ni uamuzi: urithi wa dunia mwaka 2014, idara yake yenyewe, na mwaka 2019 riyali milioni 50 za kuokoa nyumba 56 zilizokuwa karibu kuanguka. Gawanyeni wenyewe. Haifiki riyali milioni moja kwa nyumba, na sidhani zile ghorofa sita za Kibokoni zilijengwa kwa chini ya hapo. Pesa Mombasa zipo, ila zinatumika kubomoa.

Ami yangu alitaka kubadilisha boriti tatu za dari, zilizoliwa na mchwa. Alizungushwa na vibali, leo njoo kesho, mpaka masika yakaingia. Aliyebomoa nyumba nzima mtaa wa pili hakusumbuliwa na mtu. Hapo ndipo penye ugonjwa! Anayetengeneza anateswa, anayevunja anapita. Kibali cha boriti na chokaa kitoke wiki hiyo hiyo, bila malipo, na kila mara kaunti inapopanga bajeti kuwe na fungu la mwenye nyumba asiyejiweza. Na fundi aletwe anayejua kwamba tumbawe likipigwa simiti unyevu na chumvi hufungika ndani, ukuta ukamomonyoka huku nje unang'aa.

Mtasema, "Njoo wewe ulale chini ya dari inayovuja." Sawa, ni haki yenu kusema. Lakini nyumba hizi ni za urithi, warithi kumi, kumi na watano, na mnunuzi akija na pesa taslimu, simu ya kwanza inayosema "uzeni" hutoka nje ya nchi, kwetu sisi. Fungu langu la nyumba yetu anayokaa ami mimi siuzi. Boriti za ami zimeshatiwa, umebaki upande wa roshani, na fundi anataka chokaa kabla ya vuli. Mchango wangu natuma Ijumaa. Wenzangu mlio Muscat na London, nambari ya ami mnayo.