Kuandikisha Kamera Kabla ya Safari: Usumbufu au Kinga?

Msafiri anayerejea nyumbani hakereki na swali lolote kama anavyokereka na lile la afisa wa forodha anayeishika kamera yake, akaigeuzageuza, kisha akamuuliza ameinunua wapi. Mwenye kamera anajua kwamba aliondoka nayo, kwamba ameitumia kwa miaka minne, na kwamba kila mkwaruzo ulio juu yake una kisa chake. Afisa hajui lolote kati ya hayo. Hapo ndipo inapozaliwa hoja inayorudiwa kila mara: kwamba sheria za forodha juu ya vifaa vya kielektroniki vya watu binafsi zimepitwa na wakati, zinamsumbua mwema na kumpitisha mlanguzi, na kwamba afadhali zifutwe ili kila mtu apite na chake. Hoja hiyo ina uzito, na nitaanza nayo. Hata hivyo, upande wa wale wanaosisitiza kuhesabu vifaa, kuviandikisha na kuvitamka mbele ya afisa wa forodha umekuwa ukidharauliwa bila kusikilizwa, na ninaona kwamba umedharauliwa kimakosa.

Kwanza tuondoe mambo mawili yasiyohusika. Masharti ya betri za lithiamu, ambayo huwachanganya wengi, ni ya usalama wa ndege na husimamiwa na mashirika ya ndege. Hayana uhusiano na ushuru. Vivyo hivyo, marufuku ya vifaa fulani, kama vile droni nchini Morocco au simu za setilaiti zisizo na kibali nchini India, yanatokana na usalama wa taifa, wala kuwa na risiti hakumwokoi mtu. Kinachojadiliwa hapa ni simu, kompyuta mpakato, kamera na vifaa vingine vya halali ambavyo mtu hutoka navyo na kurudi navyo.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya wakosoaji inahusu viwango vya msamaha. Katika Umoja wa Ulaya, abiria anayetoka nje ya umoja huo kwa ndege au kwa meli huruhusiwa kuingiza bidhaa zenye thamani ya hadi euro 430 bila kodi, na anayepita nchi kavu hadi euro 300. Viwango hivyo vilianza kutumika Desemba 2008. Mwaka huo simu janja ilikuwa bado kitu kigeni, na watu wengi walisafiri na simu ambayo bei yake isingekaribia kiwango hicho. Leo simu ya daraja la juu huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya euro 430, na kiwango hakijasogea. Isitoshe, thamani ya kitu kimoja haigawanyiki: mume na mke hawawezi kuunganisha misamaha yao ili kuifunika kompyuta moja, na kifaa kinachovuka kiwango hutozwa kwa thamani yake yote, si kwa ile ziada tu. Uingereza, ambayo kiwango chake ni pauni 390, inafuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyenunua ugenini kifaa cha euro 425 hadaiwi chochote, na aliyenunua cha euro 435 anadaiwa kodi juu ya thamani yote ya euro 435. Mpaka uliokusudiwa kumwachia msafiri nafasi ya zawadi na vitu vidogo vidogo umegeuka ukingo wa genge, na kifaa ambacho karibu kila mtu anakibeba kiko upande wa pili wa ukingo huo. Sioni namna ya kulitetea jambo hili, na sitajaribu.

Wakosoaji huongeza jambo jingine, na hapa wanateleza. Husema kwamba tangu Mkataba wa Teknolojia ya Habari wa mwaka 1996, uliofikiwa chini ya Shirika la Biashara Duniani, kompyuta na simu hazina tena ushuru wa forodha katika nchi zilizojiunga, kwa hiyo hakuna kinachotafutwa mpakani. Ni kweli ushuru wa forodha uliondolewa. Kodi ya ongezeko la thamani haikuondolewa. Katika nchi nyingi kodi hiyo ndiyo mzigo wenyewe, na sababu yake haina siri: mwenye duka anayeagiza simu kihalali huilipa mlangoni, na asingeweza kushindana na mtu anayeleta simu 30 ndani ya begi la mkononi akidai zote ni zake. Vifaa vya kielektroniki ni vidogo, ni vya thamani kubwa, na hununuliwa upesi. Mlanguzi hapati bidhaa inayomfaa kuliko hiyo. Anayetaka milango iachwe wazi kabisa sharti aeleze atamfanyaje huyo mwenye begi.

Swali basi ni namna ya kumtenganisha msafiri wa kweli na mchuuzi. Katika jambo hili ipo hati moja ya zamani ambayo watu huitaja kwa kicheko, nami nadhani inastahili kusomwa bila kicheko. Mkataba wa New York wa tarehe 4 Juni 1954 juu ya nafuu za forodha kwa watalii uliorodhesha vitu ambavyo mgeni angeweza kuingia navyo kwa muda bila kulipa. Ndani yake mna kamera moja pamoja na filamu tano, kamera ndogo moja ya sinema na mikanda miwili, darubini moja, gramafoni moja ya kubebeka na sahani kumi za muziki, redio moja, na chombo kimoja cha kurekodi sauti. Msomaji wa leo huona hapo urasimu uliokithiri: ni nani aliyekaa akahesabu sahani za muziki?

Lakini tazama orodha hiyo ilimpa nini msafiri. Mkataba wenyewe ulisema kwamba vitu binafsi ni vyote ambavyo mtu angevihitaji kwa kadiri ya safari yake, kisha ukaitaja orodha kama sehemu tu ya vitu hivyo. Kwa maneno mengine, hesabu haikuwa dari. Ilikuwa sakafu. Mwenye kamera moja na filamu tano hakuhitaji kubembeleza wala kujieleza. Afisa hakuwa na nafasi ya kusema kwamba nne zingetosha. Aliyekuja na kamera tatu ndiye aliyepaswa kufungua mdomo. Mgeni asiyejua lugha ya nchi, asiyemjua mtu yeyote, na aliyechoka kwa safari ya siku nzima, alikuwa na namba ya kuegemea.

Namba hizo zimepungua sana katika sheria za baadaye. Mkataba wa Kyoto wa taratibu za forodha, uliorekebishwa mwaka 1999 na ulioanza kutumika mwaka 2006, umeziongeza simu za mkononi na kompyuta katika vitu binafsi vya msafiri, na hilo ni jema. Umezitaja, hata hivyo, bila idadi. Kipimo kilichobaki ni kile cha "kiasi kinachofaa", na anayekipima ni afisa aliye zamu. Tena sehemu inayohusu wasafiri imo katika viambatisho ambavyo nchi hujiunga navyo kwa hiari yake. Tumesifiwa kwa kuondokana na ukaidi wa kuhesabu, na badala yake tumekabidhiwa busara ya mtu mmoja kwenye meza moja saa tisa za usiku. Je, simu mbili ni kiasi kinachofaa? Na kompyuta mbili, moja ya mwajiri na nyingine ya mwenyewe? Afisa mpole atasema ndiyo, afisa mkali atasema hapana, na wote wawili watakuwa ndani ya sheria. Anayepata hasara katika mpango huo si mlanguzi, kwa kuwa yeye ni mzoefu wa meza hizo na anajua aje zamu gani. Anayeipata ni yule asafiriye mara moja katika miaka mitatu.

Ndiyo maana kanuni ya India ya kumruhusu abiria mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kuingia na kompyuta mpakato moja bila ushuru, mbali na kiwango chake cha thamani, inanivutia kuliko vifungu virefu vya nchi nyingine. Ni kanuni finyu. Moja ni moja. Msafiri anaijua kabla ya kufunga mizigo, na kwa kuwa inahesabu kifaa badala ya bei, haichakai kadiri bei zinavyopanda.

Mkazi anayerejea ana tatizo la namna nyingine. Yeye hahitaji kuthibitisha kwamba kifaa ni cha matumizi yake, bali kwamba kilitoka nchini kabla ya kurudi. Karibu sheria zote humruhusu kukirudisha bila kulipa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa kawaida muda ni miaka 3 tangu kilipotoka. Kwa hiyo haki ipo, na kinachokosekana ni ushahidi. Risiti hupotea, na hata ikipatikana mara nyingi haitaji nambari ya kifaa chenyewe, hivyo inathibitisha kwamba kamera fulani ilinunuliwa, si kwamba ni hii. Marekani ina fomu namba 4457, ambayo mtu huijaza kabla ya kuondoka na kumwonyesha afisa wa forodha kifaa chake. Afisa hulinganisha nambari, hutia sahihi, na fomu hiyo hutumika safari baada ya safari maadamu inasomeka. Si ya lazima, na kwa wengi risiti au hati ya bima itatosha. Wakosoaji huicheka kwa kusema kwamba hakuna anayeijua. Huo ni ukweli, lakini si kosa la fomu. Mamlaka ya forodha ambayo hutundika mabango makubwa ya adhabu mahali pa kuwasili, huku ikilificha kwenye korido ya nyuma dirisha la kuandikishia vifaa vinavyotoka, imeamua yenyewe kwamba uhusiano wake na msafiri utaanza kwa tuhuma. Dawa ni kulileta dirisha mbele.

Tunajua mambo yanavyoweza kuwa pasipo karatasi. Agosti 2012, kwenye uwanja wa ndege wa Frankfurt, mpigaji fidla Yuzuko Horigome, Mjapani aishiye Ubelgiji, alinyang'anywa fidla yake ya kale ya Guarneri aliyokuwa akiipigia katika matamasha, akatakiwa alipe euro 190,000. Hakuwa na hati za kuwaridhisha maafisa hao. Baadaye fidla ilirudishwa. Fidla si kifaa cha kielektroniki, najua, lakini kamera za mpiga picha na kompyuta ya mhariri wa video zimo katika hali ile ile: ni vitu ghali, ni vyombo vya kazi, na hupita mpakani mara nyingi mikononi mwa mtu yule yule.

Kwa watu wa kazi upo mpango wa hati za ATA, za kuingiza vyombo kwa muda bila kulipa ushuru, ulioanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1961. Hati hiyo hudumu mwaka mmoja, huorodhesha kila chombo, na huungwa mkono na dhamana ya fedha, nayo hukubaliwa katika nchi nyingi kama pasipoti ya mizigo. Kwa kikosi cha filamu inafaa sana; kwa kijana anayejirekodi kwa kamera moja na maikrofoni mbili ni mzigo, na hakuna aliyemwambia bayana kama yeye ni mtalii au ni mfanyakazi.

Wanaodhani kwamba kufuta fomu za uwanjani kutawaletea uhuru wanapaswa pia kutazama nchi ambazo zimeuhamisha ukaguzi kutoka mpakani hadi kwenye mtandao wa simu. Uturuki huizima simu iliyoletwa kutoka nje na kutumiwa kwa laini ya nchini humo baada ya siku 120, isipokuwa imesajiliwa na ada yake kulipwa. Pakistan hutoa siku 60. Anayeingia hapo huweza kupita njia ya kijani, ya wasio na cha kutamka, akitabasamu, asiulizwe na mtu, kisha simu yake ikakata mawasiliano miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna afisa wa kuzungumza naye wala mzigo wa kuonyesha. Serikali hupata kodi yake bila kumfungulia mtu begi, na hilo ni nafuu kwa heshima ya msafiri. Hata hivyo, nambari ya utambulisho ya kifaa chake sasa imo katika daftari la kudumu. Fomu iliyotiwa sahihi hukaa mfukoni mwa mwenyewe.

Kuandikisha nako kuna tundu lake, na watetezi wake, nikiwemo mimi, hatujaliziba. Simu ikiharibika ugenini, mtengenezaji mara nyingi hairekebishi. Humpa mteja nyingine chini ya udhamini, yenye nambari nyingine. Mtu aliyeondoka na fomu safi anarudi na kifaa kisicholingana nayo, ingawa hakununua chochote. Marekani hutaka matengenezo yaliyofanywa nje yatamkwe hata kama yalikuwa ya bure, na si wasafiri wengi wanaofahamu hilo. Kwa sasa njia iliyopo ni kuomba karatasi ya duka la matengenezo inayotaja nambari ya zamani na mpya kwa pamoja, na kuibandika nyuma ya fomu, kwa matumaini kwamba afisa atakayekuwa zamuni ataigeuza fomu hiyo na kuisoma.