Gazeti la Mkoani Lenye Upande Wake

Watu wanaotaka kuanzisha gazeti la mkoani kwao hukwama mapema kwenye jambo moja: liwe na msimamo wa kisiasa, au lisiegemee popote? Wanaotaka msimamo husema gazeti lisilokuwa nao halina sababu ya kuwepo, maana habari za mkuu wa mkoa kuzindua madarasa zimeshajaa redioni. Wanaopinga husema gazeti lenye upande ni kipeperushi cha chama kilichovishwa koti la uandishi. Mimi niko na wa kwanza, lakini kwa sharti zito, kwa sababu eneo letu hili la Afrika Mashariki limewahi kuwa na magazeti yaliyojenga na pia gazeti lililosaidia kuua.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyezaliwa Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu. Msomaji wa Kiswahili wakati huo alikuwa na Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la serikali ya kikoloni lililoanza 1923. Mambo Leo lilikuwa na mashairi na barua za wasomaji, na watu walilipenda kwelikweli. Lilionekana halina siasa. Lakini kukaa kimya wakati Mwafrika analipa kodi na hana sauti nayo ni siasa tosha, na Fiah aliliona pengo hilo. Miaka 20 baadaye ikaja Sauti ya TANU, kijarida cha kuchapwa kwa stensili. Mwaka 1958 Nyerere akashtakiwa kwa kashfa kutokana na makala aliyoiandika humo kuhusu maofisa wa kikoloni wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, wakatiwa hatiani kwa uchochezi. Hakuna kati ya hao aliyejifanya hana upande. Msomaji alijua anamsoma nani.

Zanzibar ilipata mfano wake baadaye sana. Dira, gazeti la wiki chini ya mhariri Ali Nabwa, lilianza mwishoni mwa 2002, mwaka mmoja tu baada ya Muafaka, yaani makubaliano ya kisiasa ya CCM na chama cha upinzani cha CUF, wa Oktoba 2001. Ndilo lililotajwa kuwa gazeti la kwanza huru visiwani tangu Mapinduzi ya 1964. Wengi walilihesabu kuwa karibu na CUF, na waliokuwa madarakani waliliona hivyo hivyo. Liligusa mambo yaliyokuwa hayaguswi, likagombaniwa mitaani, na mwishoni mwa Novemba 2003 serikali ikalifunga. Lilikuwa limeishi mwaka mmoja.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Disemba 2003, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu Hassan Ngeze wa Rwanda kifungo cha maisha. Rufaa ya 2007 iliipunguza adhabu hiyo hadi miaka 35. Ngeze, mtu wa Gisenyi, mji wa mpakani na Goma, alikuwa mhariri wa Kangura, gazeti alilolianzisha 1990. Kwa hiyo Kangura nalo lilikuwa na mizizi mkoani, lina msimamo, na lilijiita huru. Disemba 1990 lilichapa zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, zilizomtaka Mhutu asioe Mtutsi, asifanye naye biashara, wala asimhurumie. Kila serikali ya ukanda huu inapotaka kufunga gazeti, Rwanda hutajwa. Na anayetetea magazeti yenye msimamo bila kuizungumzia Kangura hajaifikiria hoja yake hadi mwisho.

Basi tuzipime hizo mbili, kwa kuwa kufungwa kwa Dira na hukumu ya mhariri wa Kangura vilipishana siku chache tu. Dira lilibishana na serikali juu ya matendo ya serikali. Kangura lilimshambulia jirani kwa sababu ya alivyozaliwa. Hiyo ni tofauti ya kwanza, na inaonekana wazi. Ya pili haisemwi sana: Kangura lilijitokeza kama gazeti la mtu binafsi huku likiungwa mkono na wakubwa waliokuwa karibu na Ikulu ya Kigali. Hata jina lake lilifuatishwa Kanguka, gazeti lililokuwa likiikosoa serikali hiyohiyo, ili kulipiga kwa silaha yake mwenyewe. Msomaji wa kawaida hakuambiwa nani yuko nyuma. Ya tatu ni kwamba Dira lilipodaiwa kukosea, wenye malalamiko walikwenda mahakamani, na mahakama ililiamuru kulipa fidia ya mamia ya mamilioni ya shilingi. Unaweza kubisha kama kiwango hicho kilikuwa cha haki, nami nabisha. Lakini njia ya kuliwajibisha ilikuwepo na ilitumika. Kulifunga kulikuja juu ya hapo.

Sharti langu linatoka hapo. Msimamo utangazwe, na mwenye fedha atajwe, ukurasa wa pili, kila toleo.

Fedha ndipo magazeti ya mkoani yanapofia, hata kabla ya waziri kuyakumbuka. Angalia meza ya magazeti kituo cha basi cha mji wowote: watu kumi wamesimama wanasoma vichwa vya habari, mmoja ananunua. Nakala zisizouzwa hurudi, na wakala hulipia zilizouzwa tu, mara nyingi kwa kuchelewa. Kinachobaki ni matangazo, na mkoani mtangazaji mkubwa ni taasisi za umma, ikiwemo halmashauri yenyewe. Gazeti linalochapa tangazo la halmashauri Jumatatu litaandikaje Ijumaa kwamba zabuni ya halmashauri hiyo ilipangwa? Hapo ndipo wale wa "tusiwe na upande" huwa dhaifu kabisa. Gazeti lao litapata upande wa mlipaji, polepole, bila mtu kuamua. Mwandishi naye analipwa kwa habari iliyotoka, kiasi kisichofika hata nauli yake, kwa hiyo bahasha ya mwenye semina inakuwa mshahara.

Gazeti lenye msimamo lina hatari yake hapo pia. Likianza na fedha za mtia nia mmoja wa ubunge, litakufa siku matokeo yanapotangazwa, awe ameshinda au ameshindwa. Ningependelea lianze na wanachama mia mbili wanaolipia mwaka mzima kimbele, liwe kurasa nane za kila wiki mbili, kuliko lianze kwa kishindo na mfadhili mmoja.

Linaloniuma zaidi ni kazi isiyofanywa. Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutoka, na magazeti ya Dar es Salaam huchukua mabilioni makubwa ya mashirika. Hoja za ukaguzi za halmashauri ya wilaya yako, kama mapato yaliyokusanywa yasifike benki au zahanati iliyolipiwa ikabaki msingi, hazipati hata aya moja. Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, lakini wangapi hukaa pale hadi mwisho? Msimamo wa kisiasa husaidia hapa, kwa kuwa humpa mhariri hamu ya kuuliza. Ila jibu likija, liandikwe lilivyo, hata kama aliyeguswa ni diwani wa upande wako. Gazeti litakaloficha hoja ya diwani wake limekwisha, na wasomaji wa mji mdogo watajua kabla ya mhariri.

Upande wa pili una hoja moja ninayoikubali yote. Mji ukiwa na gazeti moja tu, msimamo wake una uzito usiokuwa sawa na wa gazeti moja kati ya kumi. Gazeti hilo moja lazima lichape barua za wanaolipinga bila kuzikata makali, na majibu ya anayetuhumiwa yakae pale pale ilipokaa tuhuma.

Kuhusu usalama, kukwepa msimamo hakununui chochote. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 ilileta leseni ya kila mwaka. Magazeti ya MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa miezi 24 kila moja mwaka 2017, na Mahakama ya Afrika Mashariki ikatamka mwaka 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini Agosti 2021 aliyesimamishwa alikuwa Uhuru, gazeti la CCM yenyewe, kwa habari iliyosema Rais hana nia ya kugombea 2025. Kama gazeti la chama tawala halikukingwa na upande wake, gazeti la Kigoma au Mtwara halitakingwa na kujidai halina upande. Afadhali mwenye kulianzisha atenge mapema fungu la wakili, kama anavyotenga la karatasi.