Fulana Iliyokatia Ploti Nzima Maji

Nilipopigiwa simu nifike matangani Kakamega, jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa sukuma wiki yangu. Marehemu anisamehe. Kwa sisi tunaoishi ghorofa ya tatu Migosi, jua la Kisumu halina mzaha na mboga ya kwenye mkebe.

Shangazi alinishauri nitoboe vifuniko vya chupa za maji, nizipindue udongoni. Nilishajaribu. Udongo wangu una mchanga mwingi. Nikipindua chupa asubuhi, saa nne iko tupu. Kwao huzika mtungi wa udongo kando ya mche, maji yanapenya polepole hadi mizizini. Sawa, lakini mtungi utauzikaje kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia?

Nikaichana fulana ya mgombea mmoja wa udiwani, yule aliyetuahidi maji. Ilikuwa pamba tupu, na hapo ndipo penye siri, kwa kuwa nailoni hainywi maji kama pamba. Nikavisokota vitambaa, nikavilowesha, ncha moja ndani ya beseni pana lililojaa juu ya stuli, nyingine nikaichomeka udongoni kina cha kidole. Pamba huyapandisha maji hadi ukingoni, kisha huyateremsha mcheni. Nikafunga mlango nikiwa kifua mbele.

Kurudi, nikakuta foleni ya mitungi ya plastiki langoni. Maji ya ploti yamefungwa. Ajabu, kamba moja tu ya nguo ndiyo iliyojaa mashuka yaliyofuliwa, ya mama wa nyumba ya chini.

"Afadhali umefika," msimamizi akanipokea. "Bomba limepasuka ndani ya ukuta. Tulikuwa tunakungoja tuvunje kwako."

Walishavunja ghorofa ya pili. Na ya kwanza. Fundi alikuwa mweupe kwa vumbi la saruji hadi kwenye kope, patasi mkononi.

Tukaingia wote. Sukuma imesimama wima, majani mapana, naapa sijawahi kuiona hivyo. Upepo wa ziwani ulikuwa umechomoa kitambaa kimoja kwenye mkebe, kikaning'inia nje ya roshani. Ncha ikishakuwa chini kuliko maji ya beseni, haiulizi mtu, inavuta tu. Tone. Tone. Ukuta mzima chini yake umelowa.

Fundi akakiinua kwa vidole viwili. Herufi za MAJI KWA WOTE bado zilisomeka.

"Hii ni nini?"

"Kampeni," nikamjibu.

Msimamizi alicheka mpaka akaketi kwenye stuli yangu. Fundi hakucheka, aliuliza tu ni nani atakayelipia yale mashimo. Bado tunajadiliana. Mimi msimamo wangu ni kwamba sikumtuma mtu kuvunja ukuta.

Jioni nikabishiwa hodi. Mama wa chini, karai mkononi.

"Mwanangu, yale maji yangu ya dirishani mbona yamekatika?"