Ohio State 2024: Bingwa Aliyefungwa Mara Mbili

Usiku wa tarehe 30 Novemba 2024, mashabiki wengi wa Ohio State, timu ya chuo kikuu inayocheza futiboli ya Kimarekani, walitaka kocha Ryan Day afukuzwe. Michigan, mahasimu wao wakubwa, waliokuwa na msimu mbovu, walikuwa wamewafunga 13-10 mbele ya umati wao wenyewe mjini Columbus, na hiyo ilikuwa mara ya nne mfululizo. Siku 51 baadaye, huko Atlanta, Day huyo huyo alinyanyua kombe la ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani baada ya kuichapa Notre Dame 34-23.

Hoja ya wanaosema ubingwa ule una doa ni nzito. Ohio State walipoteza mechi mbili, ya kwanza wakifungwa 32-31 na Oregon mwezi Oktoba. Hawakufika hata kwenye fainali ya kanda yao ya Big Ten. Chini ya utaratibu uliotumika kuanzia 2014 hadi 2023, ambapo timu nne tu ziliingia kwenye mtoano, kipigo cha Michigan kingewafungia mlango. Mwaka ule milango ilipanuliwa kwa timu 12, nao wakaingia wakiwa wamepangwa nafasi ya nane. Oregon, kwa upande wao, walikuwa wameshinda mechi zote 13 na ubingwa wa kanda. Walipokutana tena na Ohio State kwenye robo fainali siku ya Mwaka Mpya, walijikuta nyuma 34-0 hata kabla ya mapumziko. Mchezo uliisha 41-21. Kipigo kimoja msimu mzima, na safari ikaishia hapo.

Kuna pia suala la fedha. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, alisema wazi kwamba kikosi kile kiligharimu takriban dola milioni 20 katika malipo ya wachezaji. Kwotabeki (mrusha pasi mkuu) Will Howard alitoka chuo cha Kansas State, beki Caleb Downs akatoka chuo cha Alabama. Hapa silaumu sana: sheria ziliruhusu, na wapinzani wao wakubwa nao walisajili na kulipa.

Ila ukitazama walivyocheza, doa linaanza kufifia. Kwenye mtoano waliifunga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14, kisha Notre Dame. Novemba walikuwa wameshaifunga Penn State ugenini, 20-13. Kura ya mwisho ya waandishi, inayoendeshwa na shirika la habari la AP kupanga timu bora, ilipotoka, nafasi ya pili hadi ya tano zilishikwa na Notre Dame, Oregon, Texas na Penn State, yaani timu nne ambazo zote zilikuwa zimeonja kipigo chao. Ni nani mwingine mwaka ule aliyepita njia ngumu namna hiyo?

Na walishinda kwa ujasiri. Kwenye fainali, Notre Dame walikuwa wametoka nyuma 31-7 hadi 31-23, dakika zikiyoyoma. Ohio State walikuwa kwenye jaribio la tatu kati ya manne, wakihitaji yadi 11 ili waendelee kuumiliki mpira. Makocha wengi wangeamuru mchezaji akimbie na mpira mkononi ili saa iendelee kukimbia. Day aliamuru pasi ndefu. Howard akaurusha kwa Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, na zikapatikana yadi 56. Ndiyo iliyozima matumaini ya Notre Dame.

Kwangu mimi, Ohio State ni mabingwa halali, tena timu bora kuliko zote mwaka ule. Kilichojeruhiwa ni mechi ya Michigan. Kwa vizazi vingi mechi ile ilikuwa na uwezo wa kuua msimu, na hofu hiyo ndiyo iliyoipa uzito wake. Sasa timu inaweza kuipoteza nyumbani na bado ikabeba kombe. Oregon nao walistahili ulinzi zaidi: timu nne zilizopewa mapumziko ya raundi ya kwanza zote zilitolewa kwenye mechi yao ya kwanza, na upangaji ulimkutanisha namba moja na mpinzani mgumu kuliko wote mapema mno. Wasimamizi waliubadilisha upangaji huo kwa msimu wa 2025, ili timu zipangwe kwa viwango tu, badala ya nafasi nne za juu kutengewa mabingwa wa kanda. Oregon hawakufaidika na marekebisho hayo, kwa kuwa yalikuja msimu wao ukiwa umeshazikwa.