Thelathini na Mia

Tarehe 1 Septemba 2015, siku ya mwisho ya usajili wa wachezaji wa soka Uingereza, nilikuwa na kazi mbili: kumlaani Arsène Wenger, kocha wa Arsenal yangu, na kununua samaki. Baba mkwe anakuja na boti kutoka Pemba, mke wangu kanitia elfu thelathini na tano mkononi. "Nguru mzima. Usiniletee vipande."

Mnadani Darajani changu zilipita, nikaziacha. Akatua nguru, anang'ara kama kisu kipya. Ishirini, ishirini na tano, ishirini na nane. Nashindana na kijana anayenunulia hoteli, hata uso hageuzi, ananyanyua kidole tu. Akafika thelathini. Hela ninayo, lakini nafsi ikaniambia: usikurupuke. Nikapaza sauti:

"Thelathini na mia!"

Mnadi akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Mia?"

"Mia."

Wana Arsenal wenzangu mnajua akili hiyo nimeirithi wapi. Mwaka 2013 si ndio sisi tuliomtaka Luis Suárez, mshambuliaji wa Liverpool, kwa pauni milioni 40 na pauni moja? Moja, si milioni moja! Mpaka mmiliki wa Liverpool akauliza mtandaoni, huko Emirates, uwanjani kwetu, wanavuta nini.

Kidole kikapanda, thelathini na mbili, nguru huyo akaenda zake hotelini. Nikajipa moyo atakuja mwingine. Hakuja. Na zile changu zilishapata wenyewe. Nikarudi nyumbani na ndimu kumi.

Mke akafungua mfuko, akachungulia, akautikisa, labda samaki kajificha.

"Umesajili kipa," akasema.

Ilinichoma, maana kikosi kikubwa cha Arsenal kiangazi kile kilimpata kipa Petr Cech basi; beki hakuna, kiungo hakuna, mshambuliaji ndio usiseme. Baba mkwe, mtu wa adabu zake, alikula wali kwa maharage ya nazi na akazisifu sana ndimu.

Baada ya Isha nikakimbilia Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa Mji Mkongwe. Saa 2 usiku dirisha la usajili likafungwa, Arsenal kimya. Nikasimama katikati ya baraza.

"Mzee bakhili! Hela zinaota ukungu benki, yeye anangoja bei ishuke! Hivi mtu mzima na akili zake..."

"Thelathini na mia!"

Ile sauti naijua. Nikageuka: mnadi, kajikalia barazani, kikombe mkononi.

Alivyowahadithia sitaki kukumbuka. Watu walicheka mpaka wa Manchester wakanionea huruma. Nikaomba kahawa nipate pa kuficha uso. Muuza kahawa akanimiminia, akakinga kiganja.

"Mia tu, shehe wangu."