Vijumba vya Kijivu

Chama chetu cha wamiliki wa nyumba kina jarida la kurasa nne ambalo siku zote lilikuwa na wasomaji wawili: anayeliandika na anayelichapa. Katibu akaona dawa ni infografiki. "Watu hawataki maneno, wape picha," alisema kikaoni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na kompyuta mapajani, kazi ikaniangukia.

Habari kubwa ya toleo lile ilikuwa ada ya matengenezo. Nyumba 30 zimelipa, 10 bado. Nikachora chati duara. Mweka hazina akaikataa papo hapo, akisema haimuumizi mtu. Nikajaribu mifuko ya fedha, mkubwa wa waliolipa na mdogo wa wanaodaiwa, wa kwanza ukiwa na urefu mara tatu ya wa pili. Tatizo ni kwamba picha ikirefuka mara tatu na upana nao unafuata, kwa hiyo eneo lake linakuwa mara tisa. Kwa mfuko ule, watu wangedai warudishiwe chenji.

Hapo nikamkumbuka Otto Neurath, Mwaustria aliyebuni takwimu za picha mjini Vienna miaka ya 1920, mbinu iliyokuja kuitwa Isotype. Yeye alisema kitu kikiwa kingi usikuze picha, ongeza picha zenye ukubwa uleule. Basi nikachora kijumba kimoja: paa, mlango, dirisha upande wa kulia. Nikakinakili hadi vikafika 40, safu nne za vijumba kumi kumi. Safu tatu nikazipaka kijani, ya mwisho kijivu. Ukurasa ukapendeza mpaka nikautumia kama picha ya skrini.

Jambo ambalo Neurath hakulisema ni kwamba mtaa wetu nao una safu nne. Za nyumba kumi kumi.

Jarida lilitoka Jumamosi, na kabla ya saa nne asubuhi mlango wangu ulikuwa unagongwa. Mama mmoja wa safu ya nyuma, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, risiti mkononi.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nikajua leo kuna kazi.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hii ni yangu, ya tatu kutoka kushoto. Hata dirisha umelipatia!"

Nikamweleza kwamba vijumba vyote vina dirisha palepale.

"Ala! Kwa hiyo umechukua dirisha langu ukawachafulia na wenzangu?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaota. Ningeweza kuituliza, isipokuwa alijitokeza mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, akaigeuza karatasi juu chini na kutangaza kwamba kaskazini iko huku, hivyo wanaodaiwa ni safu ya kwanza. Safu ya kwanza nayo ikaja. Sasa nina safu mbili uani, kila mtu na risiti yake, wanagombania nani katukanwa.

Wale wasiolipa hawakuja. Mweka hazina alininong'oneza baadaye kwamba wengi wao wanaishi katikati, safu ya pili na ya tatu. Hao walinipigia simu kunipongeza: mchoro unaeleweka, rangi zimetulia, endelea hivyo hivyo kijana.

Usiku akapiga mwenyekiti. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa, pembeni, safu ya nne. Sauti ilikuwa ya chini.

"Nani kakuonyesha daftari?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa umejuaje?"

Nikanyamaza, maana ndiyo kwanza nilikuwa najua.

"Haya. Kesho asubuhi nalipa. Ila toleo lijalo unipake kijani, tena kijani ya kukoza."

Mweka hazina alipoiona ile risiti ya mwenyekiti alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafunua daftari lake, akavuta kiti karibu na kompyuta yangu, akaniambia safari hii kijivu kianzie safu ya pili.